Kabaka Mchanga: Malezi ya Daudi Chwa na Suala la Lugha Buganda

Utangulizi

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii huwa kimbilio la watahiniwa wengi wanapotakiwa kueleza tabia za mhusika wa kifalme. Mwanafunzi huandika kwamba mtawala ni katili, mwenye tamaa au kibaraka, akatoa mfano mmoja, kisha akahamia hoja nyingine. Ni nadra kumpata anayeuliza: mtawala huyu alilelewa na nani, na mlezi alitaka nini?

Makala haya yanachunguza maisha ya mrithi mmoja aliyeishi kweli, Kabaka Daudi Chwa wa Buganda, ili kuonyesha uzito wa swali hilo. Maisha yake yanatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kwa namna ya pekee, kwani mtoto huyu alipokua ndiye aliyesimama hadharani kukipinga Kiswahili.

Urithi wa Kiti

Katika Buganda, kiti hakikuwa haki ya kifungua mimba. Kwa desturi, mwana wa kwanza wa kiume, aliyepewa cheo cha Kiweewa, hakutakiwa kurithi. Kabaka aliteuliwa miongoni mwa wana wengine wa mfalme, na wakuu wa nchi walikuwa na sauti katika uteuzi huo. Aidha, wana wa mfalme walihesabiwa katika koo za mama zao. Mwana akipata kiti, mamake alipata cheo cha Namasole, naye alikuwa na makao na watumishi wake mwenyewe. Hivyo basi, tangu kale mrithi hakusimama peke yake. Nyuma yake walikuwepo mama, wajomba na machifu, kila mmoja na matumaini yake.

Daudi Chwa alizaliwa tarehe 8 Agosti 1896. Babake, Mwanga wa Pili, alitoroka Mengo mnamo Julai 1897 akaenda Buddu kuanzisha vita dhidi ya Waingereza. Alishindwa, akakimbilia eneo la Wajerumani. Mnamo Agosti mwaka uo huo Mwanga aliuzuliwa na mwanawe akatangazwa Kabaka. Mfalme mpya alikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku chache tu.

Mamlaka yalishikwa na walezi watatu: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, waliokuwa Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya, aliyekuwa Mkatoliki. Uteuzi huu wenyewe unasimulia historia. Vita vya kidini vilivyoanza 1888 vilikuwa vimewapa Waprotestanti nguvu, Wakatoliki nafasi ya pili, na Waislamu wakabaki pembeni.

Mwanga alikamatwa mwaka wa 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro. Alipelekwa Ushelisheli, akafia huko mwaka wa 1903. Mabaki yake yalirejeshwa mwaka wa 1910 na kuzikwa Kasubi. Mtoto aliachwa na babake kabla hajatimiza mwaka. Baba alipomrudia, alirudi ndani ya jeneza.

Msomaji wa fasihi yetu hatakosa kumkumbuka mwana wa Fumo Liyongo, aliyehadaiwa kwa ahadi tamu hata akamwua babake kwa sindano ya shaba. Tofauti ni kwamba mwana wa Liyongo alijua alilotenda. Daudi Chwa hakutenda lolote. Jina lake tu ndilo lililotumiwa kumwondoa babake kitini, naye hata kutembea bado alikuwa anajifunza.

Malezi na Mkataba

Tarehe 10 Machi 1900 mkataba baina ya Buganda na Uingereza ulitiwa sahihi. Kabaka alikuwa na umri wa miaka mitatu, kwa hivyo walezi waliweka sahihi kwa niaba yake. Mkataba ulimpa mshahara wa pauni 1,500 kwa mwaka, heshima ya kupigiwa mizinga tisa, na ardhi ya maili 350 za mraba. Machifu na watu wengine wapatao elfu moja walitengewa maili 8,000 za mraba. Walezi wenyewe walikuwa miongoni mwa waliogawiwa. Ilikubaliwa pia kwamba mtoto angeshika madaraka atakapofikisha miaka 18, na kwamba Kabaka wa baadaye angechaguliwa na Lukiko lakini kwa idhini ya serikali ya Uingereza.

Tuyatazame hayo kwa makini. Mtoto alipewa mizinga na kiti. Watu wazima wakapewa ardhi na sauti.

Elimu yake nayo ilipangwa. Alikabidhiwa mwalimu Mwingereza, J. C. R. Sturrock, ambaye baadaye alikuja kuwa mtawala wa kikoloni huko huko Buganda. Mwaka wa 1906 wamisionari Waanglikana walifungua King's College katika kilima cha Budo, mahali pa jadi pa kutawazia makabaka. Winston Churchill alipozuru Uganda mwaka wa 1907, alionyeshwa mfalme mwenye umri wa miaka 11, akamtaja katika kitabu chake mwaka uliofuata. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mtoto huyu mbele ya umma: kuketi, kupokea wageni na kuonekana.

Mwaka wa 1914 Daudi Chwa alitimiza miaka 18 na kukabidhiwa madaraka. Hata hivyo, Kagwa aliendelea kuwa Katikiro hadi 1926. Mlezi alibaki nyumbani hata baada ya mwana kukua.

Suala la Lugha

Kuanzia 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda. Mwaka wa 1929 Daudi Chwa alitoa taarifa ya kupinga Kiswahili kuchukua nafasi ya Luganda katika Buganda.

Wanafunzi wangu wanapofika hapa hujibu kwa wepesi kwamba Waganda walikidharau Kiswahili. Jibu hilo halitoshi. Babu yake Daudi Chwa, Mutesa wa Kwanza, alikijua Kiswahili, nacho kilizungumzwa katika jumba lake kutokana na biashara na watu wa pwani. Kilichobadilika ni mkono ulioileta lugha. Katika miaka hiyo ya 1927 hadi 1929, Tume ya Hilton Young ilikuwa ikichunguza uwezekano wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Waganda wengi walihofia kutawaliwa kwa mtindo wa walowezi wa Kenya na kupoteza ardhi yao. Kiswahili kilionekana kama mlango wa muungano huo.

Mwaka wa 1935 Kabaka huyo huyo alitoa kijitabu kuhusu elimu, ustaarabu na kugeuzwa wageni kwa Waganda, akilalamikia watu wake kuziacha mila zao njema kwa kuiga za kigeni. Huyu ndiye aliyefunzwa na Sturrock! Je, methali tuliyoanza nayo imeshindwa? La. Malezi yalimpa kalamu na Kiingereza cha kumjibia gavana. Bali hayakuweza kuamua angeandika nini.

Hitimisho

Daudi Chwa alifariki Novemba 1939. Mwanawe, Mutesa wa Pili, alirithi akiwa na umri wa miaka 15, na walezi wakashika tena mamlaka hadi alipotawazwa 1942. Ama kuhusu Kiswahili, marekebisho ya katiba ya Uganda ya 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka wa 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kufundishwa shuleni kama somo la lazima. Mwalimu akifundisha maenezi ya Kiswahili katika isimu jamii, asiipite Uganda kwa sentensi moja ya lawama. Aseme ni nani aliyekataa, lini, na kwa kumhofia nani.

Na mtahiniwa anapokutana na mrithi katika tamthilia au utenzi, asikimbilie orodha ya sifa. Aanze kwa kumtafuta aliyemshika mkono mrithi huyo kabla hajajua kusema, kisha aangalie ni wakati gani mtoto aliutoa mkono wake. Hapo ndipo tabia ya mhusika huanza kuonekana.