Waraka Ni Nusu ya Kuonana: Habari za Nyumbani Zilisafiri Vipi, na Nani Alizibeba?



Kila msimu wa harusi, miongoni mwa biharusi wanaokuja kwetu kushona, hawakosi wawili watatu wanaoolewa mbali. Mmoja anakwenda Maskati, mwengine Dubai, mwengine London. Sisi wa cherehani tunayajua mambo yao kabla ya wengi, maana vipimo vya shangazi aliyeko Oman vinatujia kwa simu, kitambaa tunakionesha kwa picha, na nguo ikimalizika anatafutwa msafiri wa kuichukua.

Tumelizoea jambo hili hata tunaona kama lilikuwako siku zote. Lakini mabibi zetu nao walikuwa na watoto, kaka na mashoga ng'ambo ya bahari. Walijuana hali vipi? Nani alibeba habari zao? Leo tuizungumze historia hiyo kidogo, kwa sababu ndani yake mna somo ambalo biharusi wa leo analihitaji pengine kuliko wa zamani.

Barua iliyongoja upepo

Zamani barua haikwenda pale mwenyewe alipotaka. Ilikwenda upepo ulipotaka. Kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu hivi, ilileta majahazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi. Kusi iliyarudisha. Basi waraka aliopewa nahodha hapa Unguja kuupeleka Maskati uliondoka na kusi, na jawabu lilirudi na kaskazi inayofuata. Mtu akiandika kwamba binti yake ni mjamzito, jawabu la pongezi huenda likamkuta mtoto keshazaliwa na anatambaa.

Na watu wa pwani hawakuanza jana kuandikiana. Miongoni mwa nyaraka kongwe za Kiswahili zinazojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa Msumbiji. Leo zimehifadhiwa Goa, India. Tunasema hivi kwa sababu wako wanaodhani kuandika kuliletwa kwetu na wageni juzi tu.

Kwa kuwa jawabu lilichukua miezi, salamu hazikufanyiwa haraka. Mtu aliulizia wazee, watoto, majirani, mpaka waliokuwa kitandani. Kisha ndipo likaja neno lenyewe. Hata zama za bahasha na stempu desturi iliendelea: wengi wetu tunakumbuka barua zinazoanza kwa kusema mwandishi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yake. Wahenga walifupisha yote haya kwa maneno machache: waraka ni nusu ya kuonana.

Mwanamke na kalamu

Hapa ndipo penye jambo. Watoto wengi wa kike walisomeshwa Qur'ani wakajua kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa. Kalamu ilihesabiwa kuwa ya wanaume.

Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika nyumba ya Sultani, ameieleza hali hiyo katika kitabu cha maisha yake alichokichapisha mwaka 1886. Anasema alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao siku hizo ndio uliokuwa ubao wa mwanafunzi. Kalamu hiyo ikampa kazi kubwa: mwaka 1859, akiwa bado msichana, alikuwa mwandishi wa barua za kaka yake Barghash alipotaka kunyakua ufalme.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja, akaishia Hamburg, Ujerumani, na mumewe Mjerumani. Miaka michache tu akawa mjane mwenye watoto wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1875 Sayyid Barghash, sasa ndiye Sultani, alizuru London. Salme alimfuata huko kwa tamaa ya kuonana naye, akazuiwa na wakubwa wa Kiingereza. Dada aliyemwandikia kaka barua zake za siri hakupata hata dakika moja ya kumpa salamu. Katika karatasi zake ziliachwa pia barua kwa rafiki wa kwao, akimsimulia maisha yake ya ugenini, na zikachapishwa miaka mingi baada ya yeye kufariki mwaka 1924.

Kaskazini mwa pwani yetu, mwaka 1858, Mwana Kupona wa Siyu alimtungia binti yake utendi wa nasaha za maisha na ndoa. Mama anajijua ni mgonjwa, binti atabaki peke yake, basi anamwachia maneno. Ni habari kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto atakayekuwa mbali naye, mbali kuliko Maskati.

Lakini wanawake hao wawili walikuwa wachache. Mwanamke wa kawaida akitaka kumwandikia dada yake alimwita mwandishi, au mtoto wa kiume wa jirani aliyekuwa chuoni. Yeye akisema, mtoto akiandika. Na waraka ukifika kule, naye dada alimtafuta wa kumsomea. Dada zetu, hebu fikirini: utamwambia nini dada yako mbele ya mtoto wa jirani? Utasema mume hana pesa ya kula? Utasema mkwe anakutesa, au mimba imetoka? Basi wakaandikisha salamu, wakaandikisha kwamba sote hatujambo, alhamdulillahi, na yaliyo moyoni yakabaki moyoni mpaka apatikane mwanamke mwaminifu anayesafiri, ayabebe kichwani mwake.

Skuli ya serikali ya wasichana Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1927. Tukisikia mwaka huo tunafikiria hesabu na ushoni. Kumbe lilikuwako na hili pia: polepole kukaanza kupatikana mwanamke ambaye angeweza kumwandikia mama yake kwa mkono wake, akaifunga bahasha mwenyewe.

Meli, waya na kanga

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 zikaanza meli za moshi za kuchukua barua kila mwezi baina ya Aden na Unguja. Posta ya kwanza hapa, iliyokuwa chini ya posta ya India, ilifunguliwa mwaka 1868, ikafungwa, ikafunguliwa tena mwaka 1875. Mwaka 1895 Zanzibar ikawa na posta yake, na stempu za mwanzo zilikuwa za India zilizopigwa chapa ya jina la Zanzibar. Barua ikaacha kungoja kusi.

Mwaka 1879 ukalazwa waya chini ya bahari kutoka Aden kuja Unguja na kuendelea kusini mpaka Durban. Ndiyo maana neno letu simu, lenye asili ya Kiajemi, maana yake hasa ni waya. Habari iliyochukua miezi sasa ilifika siku ile ile. Lakini simu ya maandishi ililipiwa kwa neno, kwa hiyo watu walituma lisilongojeka tu: fulani amefariki, fulani amejifungua, tumefika salama. Hapakuwa na nafasi ya kuuliza wagonjwa wala watoto. Jengo la zamani la kampuni ya simu bado liko Shangani, Mji Mkongwe, na leo ni hoteli.

Wanawake nao walikuwa na posta yao: kanga. Tangu mwisho wa karne ya 19 vazi hili lilienea, na baadaye maneno yakachapishwa juu yake, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazotumia sasa. Sisi wauza vitambaa tunajua kwamba mama anapomchagulia mwanawe wa mbali doti ya kanga, hatazami rangi kwanza. Anasoma. Doti moja ndani ya kifurushi inaweza kusema nakukumbuka, vumilia, au rudi nyumbani, na hakuna mtoto wa jirani aliyehitajika kuandika.

Sauti nayo ikasafiri

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alikwenda Bombay kurikodi nyimbo zake kwenye santuri. Nyimbo zile zilikuwa na visa vya mji wenyewe, wanyonge na wakubwa, mahakama na mapenzi. Mtu wa Mombasa au Lamu aliyekuwa na gramafoni aliweza kusikia ya Unguja kwa sauti ya mwanamke wa Unguja, bila ya kuonana naye.

Sauti ya Unguja ilipoanza mwaka 1951, redio ikawa mjumbe wa kila nyumba. Salamu za jamaa zilisomwa, na zaidi taarifa za vifo: jina la marehemu, watoto wake, ndugu zake na walipo, maziko saa ngapi na wapi. Mpaka leo ukizisikiliza taarifa hizo utaijua ramani ya ukoo mzima, nani yuko Pemba, nani yuko Maskati.

Na ramani hiyo ilitawanyika sana baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Familia nyingi zilihama, na wengine waliondoka baada ya Sultan Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970. Mama hapa, watoto kule. Zama zile watu waliandika kwa tahadhari, na barua ya mkono, anayopewa msafiri unayemjua, iliaminiwa kuliko ya posta.

Kisha zikaja kanda za kaseti. Familia ilikaa kitako, redio kaseti katikati, kila mmoja akasema lake: bibi akaomba dua, watoto wakasoma sura waliyohifadhi. Kanda ikapewa msafiri. Kwa bibi asiyejua kuandika, hili lilikuwa jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia. Kwa mara ya kwanza maneno yake yalifika kama alivyoyasema, na kilio chake ndani yake. Zikafuata kanda za video za harusi, zikitazamwa kule na wanawake wa ukoo mlango umefungwa.

Sasa mbebaji ni sisi

Simu za mkononi zilipoenea visiwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, foleni za kuomba laini zikaisha. Mwaka 2009 WhatsApp ilianzishwa, na mwaka huo huo waya mpya wa intaneti ukapita chini ya bahari hii hii yetu, ukashuka Mombasa na Dar es Salaam. Ni miaka 130 baada ya waya wa kwanza. Leo bibi anabonyeza, anasema, anaachia, na mjukuu aliyeko Toronto anamsikia kabla chai haijapoa.

Tukiitazama safari yote hii, tunaona kila zama mwanamke alizidi kuipata sauti yake. Lakini tunaona na jambo la pili. Kila zama palikuwa na mbebaji, na mbebaji aliaminiwa: nahodha aliyeuweka waraka sandukuni bila ya kuufungua, mtoto aliyesoma akanyamaza, msafiri aliyekabidhi kanda mkononi mwa mwenyewe. Tumeamrishwa katika Qur'ani kuzirudisha amana kwa wenyewe, na wazee wetu waliihesabu barua kuwa amana.

Siku hizi nahodha hayupo. Mbebaji ni mimi na wewe. Biharusi anapambwa, hina na piko mpaka kiwikoni, nywele wazi, yuko ndani ya wanawake wenzake. Dada mtu anapiga picha amtumie mama mkubwa aliyeko Maskati, na nia yake njema. Mama mkubwa anaipeleka kwenye kundi la ukoo. Kundi lina watu 80, wamo na wanaume wasio maharimu zake. Kabla ya magharibi picha iko kwa watu wasiomjua hata jina. Tumeona biharusi akilia siku ya fungate kwa sababu hii, na aliyeanza kuituma ni mtu anayempenda.

Hatusemi tusitumiane habari. La hasha. Kuunga udugu ni ibada, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba hukunjua riziki na kurefusha umri. Tunasema tuyarudishe mambo mawili ya zamani.

La kwanza ni muhuri. Biharusi apange mapema, pamoja na somo wake, picha ipi ni ya nani, na nani atashika simu siku ile. Anayepokea naye akiona picha ya mwanamke bila hijabu, iishie kwake.

La pili ni urefu wa salamu. Wewe unayeolewa mbali, usitosheke na kumrushia mama alama za moyo na picha za chakula. Mpigie, umsikie. Muulizie wagonjwa na majirani kwa majina. Na ukiwa na dhiki, usimwambie kila siku kwamba huna neno. Bibi yako hakuwa na njia ya kuisema dhiki yake ila mbele ya mtoto wa jirani. Wewe unayo njia, mkononi mwako, na mama yako yuko upande wa pili anasikiliza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, na atukutanishe nao katika kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.