Mabano yanayogeuka: khati za Kiarabu zilivyoingia kwenye kompyuta

Mtoto wa Plateau, karibu na Eldoret, shuleni anaandika kuanzia kushoto; akienda madrasa anaanzia kulia. Mkono wake huzoea upesi. Kompyuta ilihangaika kwa miongo, na mojawapo ya vitu vilivyoisumbua sana ni alama ndogo ya mabano.

Jambo hili linatuhusu Waswahili moja kwa moja. Barua za Kiswahili za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, zimeandikwa kwa khati za Kiarabu. Tenzi za Pate, Lamu na Mombasa ziliandikwa hivyo hivyo, kabla herufi za Kilatini hazijatawala. Hati nyingi sasa ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS, London. Mabano huletwa zaidi na mhariri wa leo, anapotia namba ya ubeti au kufafanua neno, na hapo ndipo shida huanzia.

Bano la kufungua lazima lielekeze uwazi wake kwenye maneno linayoyakumbatia. Mstari ukianzia kushoto, linatazama kulia. Ukianzia kulia, lazima ligeuke. Zamani baadhi ya mafundi waliamua kuhifadhi maandishi kama yanavyoonekana, yaani kinyumenyume. Kurasa nyingi za Kiebrania za miaka ya 1990 zilitengenezwa hivyo. Kwa macho zilipendeza, lakini ukitafuta neno hulipati, na dirisha likifinywa, mwanzo wa sentensi huangukia mstari wa chini.

Unicode, kiwango cha kuhifadhi herufi kwenye kompyuta kilichotoka mwaka 1991, kilishika njia nyingine: herufi zihifadhiwe kwa mpangilio wa kusoma, kazi ya kugeuza iwe ya skrini. Kila alama ikapewa sifa inayosema kama inageuka au la. Mabano yanageuka, pamoja na alama za hesabu kama √ na ∑. Mshale → haugeuki. Toleo hilo la kwanza liliyaita mabano ya kufungua na ya kufunga. Mwaka 1993, viwango vilipounganishwa na vya ISO, yakaitwa ya kushoto na ya kulia. Naona uamuzi huo ulikuwa mbaya, kwa kuwa bano “la kushoto” katika mstari wa Kiarabu huonekana upande wa kulia wa maneno yake.

Kasoro nyingine ilidumu zaidi. Katika aya ya khati za Kiarabu, mtu akimalizia kwa kuandika Mombasa (Mvita) kwa Kilatini, bano la mwisho liliruka upande wa pili na kugeuka, skrini ikaonyesha (Mombasa (Mvita. Toleo la 6.3 la Unicode, Septemba 2013, ndilo lililoifundisha kompyuta kuyatazama mabano mawili kama jozi. Hata hivyo mabano ya mapambo yanayozunguka aya za Kurani, ﴿ na ﴾, hayageuki yenyewe hadi leo. Anayeandika ndiye anayepaswa kuchagua lililo sahihi.

Alama zisizoonekana zinazobadilisha mwelekeo zina hatari yake pia. Mwaka 2021 Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Cambridge walionyesha kuwa zinaweza kufichwa ndani ya programu, msomaji akaona amri moja na kompyuta ikatekeleza nyingine.

Kwa upande wa Kiswahili, Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa pamoja na P. J. L. Frankl walichapisha mwaka 1997 mapendekezo ya kuandika Kiswahili kwa khati za Kiarabu kwa utaratibu mmoja. Baadaye Kevin Donnelly akatengeneza Andika!, zana za kompyuta za kuandika Kiswahili kwa khati hizo. Kazi hiyo inastahili warithi wengi, na hakuna sababu wasitoke Eldoret.

Basi wewe unayejifunza Python, andika import unicodedata, kisha jaribu unicodedata.mirrored("("), utajibiwa 1, maana yake alama hiyo inageuka. Ukipewa utenzi wa kuuingiza kwenye kompyuta, usiyageuze mabano kwa mkono. Andika la kufungua kwanza, la kufunga baadaye, kisha uitangaze aya kuwa ya kulia kwenda kushoto.