"Corn" ya Waingereza haikuwa mahindi

Nianze na haya yangu. Siku moja mu exposé niliambia darasa kama mwaka wa 1815 Uingereza ilitunga sheria juu ya kulinda mahindi yake. Profesa akaniuliza: "Mahindi gani ile, mu baridi ya kule?" Mimi mwanafunzi wa kilimo nikakosa jibu.

Neno lililonidanganya ni "corn". Ku Marekani njo mahindi, na Kiingereza chetu kingi kinatoka mu filme za Marekani. Lakini kwa Mwingereza wa zamani "corn" ni nafaka yoyote, zaidi ile yenye inalimwa sana pale alipo: England ngano, Scotland avoine. Hata mu kopo ya "corned beef", usitafute mahindi. "Corn" pale ni punje za chumvi.

Basi "Corn Laws" zilihusu zaidi ngano. Sheria ya 1815 ilikataza ngano ya kigeni kuuzishwa ndani ya inchi kama bei ya ngano yao haijafika shilingi 80 kwa "quarter". (Hiyo "quarter" nayo ni mutego: si robo kilo, ni kipimo cha zaidi ya kilo 200 za ngano!) Wenye mashamba makubwa walifurahi, maskini alilipa mukate kwa bei kali.

Mwaka wa 1845 ugonjwa wa mildiou, ule ule unaochoma viazi vyetu hapa Kivu, ukaharibu viazi vya Ireland. Waziri mkuu Robert Peel akanunua mahindi Marekani kwa siri. Sasa hapo njo mahindi ya kweli, lakini ilibidi yaitwe "Indian corn" juu watu wasichanganye. Punje zilikuwa ngumu, na vinu vya Ireland havikuzoea kuzisaga. Watu wakala unga mukali-mukali, matumbo yakawauma, na kwa ile rangi ya njano wakaita chakula hicho "kiberiti cha Peel". Mwenye kupika bugali kila siku hawezi kushangaa. Mwezi wa sita 1846 bunge likafuta zile sheria, na Peel akapoteza kiti wiki hiyo hiyo.

Na "Indian" je? Mahindi yalianzia Mexico, si India. Lakini tusiwacheke Waingereza sana: sisi wenyewe tunayaita mahindi, utazani mbegu ya kwanza ilitoka kwa Wahindi.