Ukungu Upi, Mwanangu?

Niliingia duka la pembejeo na jani la begonia nimelifunga kwenye gazeti.

"Shikamoo mama. Naomba dawa ya ukungu."

"Marahaba. Ukungu upi, mwanangu?"

Alilikunjua jani, akapitisha kidole gumba juu ya mabaka meupe, kisha akaniinulia kidole. Kilikuwa cheupe kama cha msukuma chapati. "Huu ni ubwiri unga," akasema.

Neno ukungu tumelitwisha mzigo. Ndilo linalofunika milima alfajiri, ndilo linaloota kwenye mkate wa juzi, na ndilo tunalolibandika kwenye kila doa la jani. Mshairi atanufaika nalo. Mwenye begonia litamponza. Ukungu wa kijivu hupenda maji: ua lililonyauka likidondokea jani bichi na kulala hapo usiku wa baridi, jani huoza na kuota manyoya. Dawa yake ya kwanza ni kuokota maua makavu na kumwagilia asubuhi, shinani. Ubwiri unga hausubiri jani lilowe. Huota hata jani likiwa kavu, hasa vyungu vikisongamana na hewa ikituama.

Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hawahitaji kufundishwa neno ubwiri. Ndio wanaoupulizia salfa mikorosho ikichanua. Kwenye matango kuna nduguye wa jina tu, ubwiri chini, anayejificha upande wa chini wa jani. Tazama ufundi wa majina hayo: moja linakuambia utaona nini, jingine linakuambia utazame wapi.

Mdudu naye ni jina la ukoo mzima. Weupe ulioganda kama pamba kwenye kwapa la jani si ukungu hata kidogo. Ni vidung'ata, na pamba iliyochovywa kwenye spiriti huwafuta mmoja mmoja, ukishajaribu kwanza kwenye jani moja. Majani machanga yakijikunja na kukakamaa, shuku utitiri. Huyo ana miguu minane, ni jamaa ya buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimtishi. Halafu kuna wale tusiowaona ambao pia twawaita wadudu: bakteria. Madoa yao huonekana kama yamelowa maji, kisha huzungukwa na njano. Hapo salfa haifui dafu. Jani hukatwa na kuchomwa, na kisu husafishwa.

Limebaki neno dawa, pana kuliko yote. Humponya mtoto na humwangamiza panya. Wataalamu wametupa kiuatilifu, neno gumu kinywani lakini la kweli, kwa kuwa halifichi kuua. Na Kiswahili kina utani wake: ua la chunguni na ua la amri huandikwa sawasawa.

Mama alinipimia salfa kidogo. "Usipulize jua la utosi, utaunguza majani. Na vitenganishe vyungu."

Nyumbani nilikuta begonia ya tatu nayo ina weupe. Mkono ulikwishaikimbilia salfa. Nikausimamisha, nikapitisha kidole gumba. Hapakutoka unga. Kilichotoka ni uzi mwembamba wa pamba, na ndani yake kitu kikatambaa.

Nikaiweka salfa chini, nikaenda kutafuta spiriti.