Ardhi ya Uani na Maji ya Kisima

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Siku hizi mtu akijaaliwa kujenga nyumba, huiona haijamalizika mpaka ua wote ufunikwe kwa saruji au kabro, toka mlangoni hadi ukutani. Ukimwuliza sababu, hukwambia: ni usafi. Neno hili yafaa tulitazame kwa taarikh na kwa sheria, kwani ndani yake mna haki za watu.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tanja, alifika Mombasa akalala usiku mmoja, kisha akaendelea na safari yake ya Kilwa. Aliwasifu wenyeji kwa dini na wema wao. Akaeleza kuwa misikiti yao ilijengwa kwa mbao, na penye milango yake mlikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili tu. Watu walitembea miguu mitupu. Atakaye kuingia msikitini huosha miguu yake, akaifuta kwa jamvi nene lililowekwa mlangoni. Basi wazee wetu hawakuufanya udongo kuwa adui wa twahara. Maji yalikuwa karibu, wakajitwahirisha.

Na maji hayo yalitoka wapi? Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye vitundu vingi. Mvua huzama humo, na maji yake ya pepo, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi yaingiayo kutoka baharini. Mvua isipozama, na watu wakazidi kuteka, ya pepo hupungua na ya chumvi hupanda. Kisima huharibika bila ya mtu kukitia kitu.

Tuna mazingatio katika mji wa Gede, karibu na Malindi. Huko liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman alianza kuufukua mji huo mwaka 1948, zikaonekana nyumba za mawe, misikiti na visima. Mji ulihamwa katika karne ya 17. Wataalamu hutaja sababu kadhaa, kama vita na mashambulio, na miongoni mwazo ni kupungua kwa maji, kwani kisima kilicho nje ya msikiti mkuu kilichimbwa tena kuongezwa kina. Hatusemi kuwa watu wa Gede waliifunika ardhi yao. Twasema kuwa majumba ya fahari hayamfai mtu kisima kikikauka.

Ama saruji, ni neema ikitumiwa mahali pake. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuitoa mwaka 1954, kwa kuchimba jiwe lile lile la matumbawe, na machimbo yakabaki jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti humo. Katika aina 26 zilizojaribiwa, tatu tu ndizo zilizoishi, na mvinje ni mmojawapo. Kisha wakaletwa majongoo, wakala majani makavu ya mivinje, na mabaki yao yakawa udongo. Leo pana msitu, ndege na wanyama. Ikiwa shimo la kuchimbia saruji limerudi kijani, utashindwaje ua wako?

Turudi kwenye usafi. Asiyepata maji hutayamamu kwa udongo. Chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Na tope la njiani, ijapokuwa mna najisi kidogo isiyoepukika, mafaqihi wa Kishafii wameisamehe. Basi udongo si uchafu. Uchafu ni yale maji ya mvua yaliyokosa pa kuzama uani kwako, yakatoka mlangoni, yakachanganyika na ya vyoo, yakaingia kwa jirani aliye bondeni. Ua wako umetakata, na chumba chake kimenajisika. Naye Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru, na Jibrili alimuusia jirani hata akadhani kuwa atarithishwa.

Si lazima kuvunja yote. Bakisha njia ya kupita na mahali pa kufulia. Kwingine ng'oa, lima mpaka udongo ulegee, maana ulioshindiliwa haunywi maji. Panda mrehani, yasmini, mdimu, mkomamanga na mpapai. Maji ya paa yaelekeze kwenye miti, mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo cha shimo. Wala usipande mti mkubwa ukutani kwa jirani, mizizi ikampasulia nyumba.

Na imesihi katika Bukhari na Muslim kuwa Mwislamu hapandi mti wala mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Chozi atakayefyonza ua la mkomamanga wako, na shore atakayedonoa papai, wanakuandikia thawabu nawe umelala. Saruji haina wa kula chake.

Wabillahi tawfiq.