Miji ya Marekani: ni miji kweli au ni viunga?

Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2020, watu 80 katika kila 100 walihesabiwa kuwa wakazi wa mjini. Anayesikia takwimu hiyo redioni huenda akapata picha ya New York: maghorofa yaliyosongamana, treni za chini ya ardhi, watu wakipigana vikumbo njiani. Lakini mwaka 2017 serikali ya nchi hiyohiyo iliziuliza kaya zenyewe mtaa wao ni wa namna gani. Asilimia 27 tu walijibu kwamba wanaishi mjini. Asilimia 21 walisema shamba. Waliobaki, asilimia 52, walisema wanaishi kwenye viunga.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Sensa ya Marekani haina fungu la viunga. Kwake kuna mjini na shamba, basi. Mahali penye watu 5,000, au nyumba 2,000 zilizo karibu karibu, panatosha kuitwa mjini.

Kwa neno viunga tunamaanisha makazi yanayouzunguka mji: nyumba ya familia moja, nyasi mbele, banda la gari ubavuni, jirani naye vivyo hivyo, na duka liko mbali kiasi kwamba hakuna anayekwenda kwa miguu. Wengine huyaita vitongoji, lakini kwa msikilizaji wa Tanzania kitongoji ni sehemu ya kijiji, kwa hiyo tuliache neno hilo. Kwetu, pembezoni mwa mji mara nyingi ndiko anakoanzia maisha asiye na kitu. Marekani, kwa miaka mingi, huko ndiko alikokwenda mwenye nafuu.

Tena si lazima utoke nje ya mpaka wa mji ili ukute maisha ya viunga. Houston, katika jimbo la Texas, ni mji wa nne nchini kwa wingi wa watu. Watu wake milioni 2.3 wametawanyika katika kilomita za mraba zipatazo 1,650. Mwaka 2020 jiji la New York lilikuwa na watu milioni 8.8 katika eneo lisilofika hata nusu ya hilo. Jacksonville, Florida, imezidi hapo: mwaka 1968 serikali ya mji iliunganishwa na ya kaunti ya Duval, na misitu na vinamasi vikajikuta vimo mjini. Mwaka 2020 kila kilomita ya mraba ya Jacksonville ilikuwa na watu wasiofika 500, ilhali ya New York ilikuwa na zaidi ya 11,000.

Wako wanaoitaja Los Angeles kuwa mfano wa mji uliotawanyika ovyo. Hapo tahadhari inahitajika. Ukiihesabu pamoja na viunga vyake, Los Angeles imebanana kuliko New York na viunga vyake, kwa sababu viwanja vya pembezoni mwa New York ni vikubwa na vya Los Angeles ni vidogo. Kwa hiyo hata New York, mji wa miji, ukivuka mpaka wake unaingia kwenye nyasi na mabanda ya magari.

Hayo hayakuja kwa sababu Wamarekani wanapenda nyasi tu. Sheria na fedha za serikali zilisukuma. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Euclid, kiunga cha Cleveland, ilikubali serikali za mitaa zigawe ardhi kwa matumizi: hapa nyumba, pale maduka, kule viwanda. Baadaye sehemu kubwa ya ardhi ya makazi ikawa hairuhusiwi chochote ila nyumba ya familia moja. Kuanzia 1934 serikali kuu ilidhamini mikopo ya nyumba, lakini mitaa ya watu weusi ilionekana ya hatari na kunyimwa. Kuanzia 1947, kampuni ya Levitt ilijenga nyumba zaidi ya 17,000 huko Levittown, nje ya New York, na askari waliorudi vitani wakazipata kwa masharti nafuu. Mikataba ya awali ilikataza nyumba kukaliwa na asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Kisha ikaja sheria ya barabara kuu ya 1956: kilomita 66,000, asilimia 90 ya gharama ikilipwa na serikali kuu. Kazi ikawa mjini, nyumba ikawa mbali, gari likaunganisha.

Detroit ilikuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950. Mwaka 2020 walibaki 639,000. Wengi wa waliohama hawakwenda mbali. Walivuka mpaka wa mji, na kodi zao zikavuka nao.

Mpaka huo ndio wenye uzito. Shule za Marekani hutegemea kwa sehemu kubwa kodi ya majumba ya eneo husika, hivyo mstari unaotenganisha mji na kiunga unaweza kuamua mtoto atasoma darasa la namna gani. Jiji la Atlanta lina watu wapatao nusu milioni. Ukijumlisha viunga wanapita milioni sita. Wengi wanaosema "naishi Atlanta" hawana kura ya kumchagua meya wa Atlanta.

Miongoni mwao wamo wasemaji wa Kiswahili. Clarkston, mji mdogo nje kidogo ya Atlanta, umepokea wakimbizi kwa miaka mingi, wakiwemo wanaotoka Congo. Wamefikia kwenye viunga, wala si katikati ya jiji, na hali hiyo si ya Clarkston peke yake: tangu miaka ya 2000, maskini wanaoishi kwenye viunga vya miji mikubwa ni wengi kuliko wale walio ndani ya miji yenyewe. Ferguson, iliyojaa kwenye taarifa za habari mwaka 2014 baada ya polisi kumuua kijana Michael Brown, ni kiunga cha St. Louis.

Maskini wa viunga ana mzigo wa ziada, nao ni gari. Katika jiji la New York zaidi ya nusu ya kaya hazina gari, na maisha yanakwenda. Nchi nzima, kaya zisizo na gari hazifiki moja katika kumi. Basi ndugu aliyeko huko anapokwambia mshahara umeishia kwenye gari, hajisifu. Bila gari hafiki kazini.

Sheria zimeanza kulegezwa. Jimbo la Oregon liliamua mwaka 2019, na California mwaka 2021, kwamba kiwanja cha nyumba moja katika maeneo mengi ya mijini kinaweza kubeba zaidi ya familia moja. Wenye nyumba wengi walipinga, wakihofia msongamano na bei ya mali zao. Houston yenyewe ilipunguza mwaka 1998 kipimo cha chini cha kiwanja katika sehemu zake za ndani, kutoka mita za mraba kama 465 hadi 130, na mwaka 2013 ikaruhusu hivyo karibu mji mzima. Palipokuwa na nyumba moja yenye uwanja wa nyasi, sasa zinasimama tatu nyembamba za ghorofa, kila moja na banda lake la gari chini.