Mgono, Dema na Chambo: Utegaji wa Samaki Kasese na Bwera

Wanafunzi wetu wanaotoka Kasese wanapofikia somo la msamiati wa uvuvi hukutana na maneno ya pwani: dema, uzio, juya, jarife. Wanayakariri, wanafaulu mtihani, kisha wanarudi nyumbani kwenye maziwa mawili na wavuvi wasiotumia hata moja kati ya maneno hayo. Tumeona ni vyema tutazame historia ya chombo kimoja tu, mtego wa kufuma unaotiwa chambo, kwa kuwa ndani yake lugha na maisha vimefungamana.

Kiswahili kina majina mawili makuu ya mtego huo. Dema ni lile la pwani, lenye umbo pana, lililofumwa kwa fito za mianzi na kushushwa baharini. Mgono ni mtego wa fito mrefu kama kikapu, na ndio unaokaribia zaidi ile ya maziwa yetu. (Wanafunzi hucheka wakigundua katika kamusi kwamba mgono ni pia zamu ya mume wa wake wengi kulala kwa kila mke. Nasi hatuwazuii kucheka, maana neno halitasahaulika tena.)

Utendaji wake ni rahisi kueleza. Mdomoni huwekwa koni ya vijiti laini vinavyoelekea ndani. Samaki akisukuma, vijiti hufunguka; akitaka kurudi, ncha zake humkabili. Mahali maji yanapotiririka, kama kwenye mito inayoshuka kutoka Rwenzori, chambo si lazima sana. Wakati wa mvua kambare hupanda na mafuriko kwenda kutaga mayai, na mtego uliowekwa njiani humpokea. Ziwani maji yametulia, hivyo kinachomwita samaki ni harufu: minyoo, mchwa, matumbo ya samaki. Kambare hutafuta chakula gizani kwa harufu na sharubu zake, na kwa kuwa anaweza kuvuta hewa, huishi hata kwenye matope ya matete ambako samaki wengine hufa. Ngege ni habari nyingine. Katika Ziwa George, lenye kina cha wastani wa mita mbili na nusu hivi, yeye hula mwani mdogo unaoyafanya maji yawe ya kijani. Minyoo haimshawishi.

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo ilipo siri ya kufifia kwa mtego. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliifanya serikali ya kikoloni iwahamishe watu wa kando ya maziwa Edward na George. Uvuvi uliporudi na kukua, haukurudi kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani pekee. Mwanasayansi Worthington alichunguza maziwa haya mwaka 1931, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha shirika la TUFMAC kilikuwa kikifanya kazi Kasenyi. Mgodi wa shaba wa Kilembe na reli ya Kasese, ambayo ilifika mwaka 1956, vilileta wafanyakazi wengi wa kulishwa. Soko lilitaka ngege, na ngege hushikwa kwa wavu. Nyuzi za nailoni zilipoenea, mfumaji wa mitego hakuwa na la kushindana nazo. Tusisahau pia hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1952: vijiji vya wavuvi kama Katwe, Hamukungu na Kahendero vilibaki ndani yake, na aliyezoea kukata fito porini alijikuta mhalifu.

Chambo chenyewe hakikufa. Kilihamia kwenye ndoana. Mishipi mirefu yenye ndoana nyingi, iliyochambikwa visamaki vidogo, ndiyo inayomfuata semutundu na kamongo katika Ziwa Edward.

Samaki hao, waliokaushwa kwa moshi au chumvi, hupita Bwera hadi soko la Mpondwe, na ng'ambo ya mpaka ni Kasindi. Hapo Kiswahili si somo la darasani. Mnunuzi wa Kongo huuliza makayabu, yaani samaki wa chumvi, neno ambalo vitabu vyetu vya kiada havimfundishi mwanafunzi wa Kasese ingawa mama yake huenda analiuza kila wiki. Sehemu za mgono nazo, ile koni, kile kifuniko cha kutolea samaki, tunazieleza kwa maneno matatu-manne kila moja, ilhali wazee wanaojua kufuma wana jina moja moja kwa Kilukonzo. Wazee hao wanapungua. Kwa hiyo kazi ya likizo ya mwaka wa tatu ni hiyo: nenda kwa mfumaji, mwombe afume mbele yako, uandike kila jina anapoligusa.